Mzigo wa dojo na mzigo wa Kibirizi: shajara yetu ya kupima mazoezi, Kigoma

Jumatatu, 6 Januari

Leo ndo tumeanza. Nimenunua kaunta buku moja nene, peni mbili na tepu ya fundi cherehani, hivo ndo vifaa vyote vya mradi na naomba asicheke mtu. Nataka kujua hawa vijana wetu 14 wa karate pale dojo, ukumbi wetu wa mazoezi, wanabeba mzigo kiasi gani wa mazoezi kwa wiki, sio kwa kukisia kwa macho kama tunavyofanya siku zote mimi na sensei mkuu (kocha mkuu wetu), maana macho yetu yalituaibisha mwaka jana, tulikamua watu wiki mbili mfululizo kabla ya kwenda Tabora kwenye pambano la kirafiki tukijua tunawanoa, wakashuka kwenye treni miguu mizito kama wamefungiwa mawe wakapigwa mmoja baada ya mwingine. Tukaisingizia treni. Ni kweli treni ni usiku mzima, reli ya zaidi ya kilomita 400, ila mtoto wa miaka 17 akikosa usingizi usiku mmoja hashindwi kunyanyua mguu siku mbili baadae, pale kulikuwa na jambo lingine.

Tarehe 12 Aprili tunarudi kule kule.

Njia niliyoichukua ni ya Carl Foster, mtaalamu wa mazoezi, Mmarekani, aliiweka wazi kwenye andiko lake la 2001. Unamuuliza mchezaji zoezi zima kwa ujumla mwili wake umeliona zito kiasi gani, anataja namba kuanzia 0 mpaka 10, unazidisha na dakika alizofanya. Imeisha hiyo. Dakika 75 kwa 6 ni pointi 450. Pointi sio kalori wala kilo, ni za kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe wiki hadi wiki. Kabla yake Gunnar Borg wa Sweden alikuwa na skeli ya 6 mpaka 20, imeanzia 6 kwa sababu ukiongeza sifuri mbele unakaribia mapigo ya moyo, 6 ni 60 mtu katulia, 20 ni 200 mtu anakaribia kuzimia, nzuri sana ila nikajiona namweleza dogo wa darasa la saba kwa nini hesabu inaanzia sita, nikaiacha.

Nilipoandika MZIGO ubaoni wakaangua kicheko, kila mtu na maana yake kichwani. Nikawaacha wamalize.

Jumatano, 8 Januari

Kumbe kazi sio hesabu, kazi ni lugha. Niliandika "zoezi lilikuwa gumu kiasi gani?" afu kata mpya, yaani mfululizo wa mapigo wa kukariri, ambayo hata jasho haikutoa ikapewa 8, na mzunguko wa kupiga pedi dakika ishirini ambao watu walikuwa wanahema kama mbwa wakaupa 4. Nikamuuliza mmoja, we 8 umeitoa wapi, akaniambia "sensei ile kata ngumu bana, sjaikariri mpaka saa hizi". Sasa hapo kosa lake liko wapi, neno gumu kwa Kiswahili linabeba kichwa na mwili pamoja, hesabu ni ngumu na jiwe ni gumu.

Nimebadilisha. Swali sasa ni "mwili umefanya kazi kiasi gani leo?" na ngazi zake nimeziandika kwa maneno yetu: 0 umekaa tu, 2 kidogo, unapiga stori bila shida, 3 wastani, 5 kazi ya maana, 7 kazi nzito hutaki kuongea na mtu, 10 hujawahi kufanya zaidi ya hapo maishani. Mwanzo niliweka na mifano ya mtaani, kwamba 5 ni kama kupanda kwa mguu kutoka stesheni mpaka Mwanga umebeba dumu, ila nikaifuta, kuna wanaopanda kile kilima kila siku hawashtuki na kuna mmoja nyumbani kwao kila safari ni bodaboda.

Jumamosi, 11 Januari

Shida nyingine. Tunauliza wakiwa wamepanga mstari baada ya kuinama salamu ya mwisho, mkanda wa juu anaanza. Mkanda wa kahawia kasema tatu. Wa bluu, tatu. Wa kijani, tatu sensei. Mpaka kale katoto ka mkanda mweupe kalikokuwa kanatapika nyuma ya mwembe nusu saa iliyopita, tatu sensei! Hakuna mtu atakayesema nane mbele ya kaka zake, na mbele ya sensei mkuu ndo kabisa, maana anaogopa atakayesema nane ataonekana legelege na atakayesema mbili ataongezewa push-up.

Halafu Foster anataka swali lisubiri kama nusu saa baada ya zoezi, ili zoezi la mwisho lisifunike yale mengine. Ukimuuliza mtu sekunde anatoka kwenye kumite, yaani pambano, anakujibu kumite, hakujibu saa zima. Hii kwetu inawezekana, tunamaliza saa kumi na mbili jioni na huku Kigoma jua linachelewa, maghribi ni saa moja na robo hivi, kwa hiyo wanakunja magi yao (nguo za karate), wanakunywa maji, wanabishana mpira, nusu saa inapita yenyewe.

Jumatano, 15 Januari

Dawa ya mstari: makopo. Kila mtu ana kopo lake la nyanya limeandikwa jina la utani, yamepangwa nyuma ya mlango, pembeni kuna bakuli la mahindi. Unaingia peke yako, unahesabu punje za namba yako, unatia koponi, unatoka. Hakuna anayekuona. Mimi naandika usiku.

Leo ndo mara ya kwanza nimeona 9 kwenye daftari. Ya kale ka mkanda mweupe.

Nimeongeza vitu viwili. Kila asubuhi kabla hujatoka kitandani unahesabu mapigo shingoni dakika nzima unaandika, na kila Jumatatu kabla ya kupasha tunaruka ukutani na chaki vidoleni, unaweka alama ukiwa umesimama, unaruka mara tatu, tunapima tofauti kwa tepu na kuchukua ya juu. Hapo ndo tepu ya fundi cherehani inapopata heshima yake.

Jumamosi, 18 Januari

Kuku wa jirani wamekula data. Zote. Mlango uliachwa wazi usiku wa Ijumaa, asubuhi nimekuta makopo yamelala na jogoo amesimama katikati anatazama kama bosi wa ofisi. Kuanzia leo tunatumia maharage, kuku hana shida na maharage mabichi, na Kigoma tukikosa maharage basi tena.

Jumatatu, 27 Januari

Wiki ya kwanza yenye data kamili, 20 hadi 26. Usiku kucha kwenye eksel ya simu, macho yananiuma ila nimefurahi.

Mfano ni dogo mmoja tunamwita Mgebuka, mwembamba, mrefu, ana mawashi geri (teke la kuzungusha) huioni inavyokuja. Jumatatu dakika 75 kwa 5, pointi 375. Jumatano 75 kwa 6, 450. Ijumaa 60 kwa 7, 420. Jumamosi sparingi na pedi dakika 90 kwa 8, 720. Siku tatu zilizobaki sifuri. Jumla 1,965.

Ila jumla peke yake haitoshi, Foster ana kitu ambacho kwa maana yake ni ukinaifu wa mazoezi, yaani siku zako zinafanana kiasi gani. Unachukua wastani wa mzigo kwa siku, unagawanya kwa mchepuko sanifu wa hizo siku saba, yaani namba inayoonesha siku zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Mtu ambaye siku zake zinapanda na kushuka anapata namba ndogo, mtu ambaye kila siku ni ile ile inapanda, na ikivuka 2 unaanza kumwangalia kwa karibu hata kama jumla yake sio kubwa, kwa sababu mwili haupati siku ya kupumua. Afu ukizidisha jumla ya wiki na hiyo namba unapata mkazo wa wiki.

Mgebuka: wastani 281, mchepuko 285, ukinaifu 0.99. Mkazo kama 1,940. Safi kabisa, siku nzito zipo, za kupumzika zipo, nikamwonesha sensei mkuu kwa kujigamba, nikamwambia huyu dogo ndo mfano, huyu tumkaze kidogo.

Ijumaa, 31 Januari

Mgebuka kaumia. Dakika ya kumi na kitu, hata sparingi hatujaanza, kapiga mae geri (teke la mbele) ya kawaida hewani, hakuna aliyemgusa, akashika nyuma ya paja akakaa chini. Hakulia. Alikaa tu anatazama mguu kama sio wake.

Zahanati wamesema msuli umevutika haujachanika, apumzike, akirudi arudi taratibu.

Usiku nimefungua daftari. Mapigo yake ya asubuhi, siku alizoandika: 54, 55, 54, 54, 56, afu wiki hii 60, 61, 63. Yako pale, kwa mwandiko wake mwenyewe. Namba zilikuwepo mimi ndo sikuzitazama, nilikuwa nazikusanya kama mtoto anakusanya vizibo vya soda. Na kuruka kwake Jumatatu ilikuwa sentimita 47, wiki iliyotangulia 52, nikadhani kakosea chaki.

Lakini eksel inasema dogo kapumzika vizuri. Sasa nani muongo hapa?

Jumapili, 2 Februari

Nimeenda kumuona kwao asubuhi, mama yake yuko nje anachambua mchele, shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu, yule hayupo ameenda kazini. Kazini wapi na mguu huo? "Kibirizi si ndo anakobeba dagaa, kwani wewe mwalimu wake hujui?"

Sikuwa najua. Miaka miwili namfundisha.

Nikashuka Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma. Mitumbwi inaingia alfajiri, nimefika kazi imeshapamba moto. Nimemkuta amekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa anahesabia wenzake kreti kwa sababu hawezi kubeba, tajiri kampa kazi ya mdomo mpaka mguu upone, mungu ambariki. Nikamwambia nioneshe. Kreti linashushwa mtumbwini likiwa na dagaa wabichi wamejaa maji yanachuruzika, unaingia ziwani mpaka magotini, unapokea begani, unageuka, unatembea peku kwenye mawe yanayoteleza mpaka mchangani, afu mchanga unapanda mpaka wanakoanika akina mama, unamwaga, unarudi unakimbia kwa sababu unalipwa kwa kreti. Saa moja na nusu hivo. Kila siku, hata Jumapili, mtumbwi haujui Jumapili.

Nimebeba kreti nane kwa ajili ya sayansi. La tisa nimeliacha katikati ya njia, wale vijana wamecheka hadi wamekaa chini, nimenuka dagaa mpaka leo jioni na mke wangu kasema nilale na daftari langu. Namba yangu ilikuwa 9. Nikamuuliza Mgebuka wewe huwa unaona ngapi, mwili umefanya kazi kiasi gani, akafikiria kweli kweli, akasema "sita sensei. Ila ile ya kila siku."

Ila ile ya kila siku. Foster mwenyewe angemkumbatia.

Jumanne, 4 Februari

Nimerudia hesabu ya ile wiki ya 20 hadi 26, safari hii nikiweka na Kibirizi. Dakika 90 kwa 6 ni 540, mara siku saba. Jumatatu inakuwa 915, Jumanne 540, Jumatano 990, Alhamisi 540, Ijumaa 960, Jumamosi 1,260, Jumapili 540. Jumla kutoka 1,965 imeenda 5,745. Hiyo nilitegemea.

Sikutegemea hii ya pili. Mchepuko haujasogea hata kidogo, ni 285 ile ile, kwa sababu ukiongeza kitu kile kile kila siku milima na mabonde yanabaki vile vile, umeinua tu ardhi yote. Wastani sasa 821, ukigawanya kwa 285 unapata ukinaifu 2.88. Kutoka 0.99! Na mkazo umetoka 1,940 hadi zaidi ya 16,500, mara nane na nusu. Yule niliyekuwa namwita mfano wa kuigwa hakuwa na siku hata moja ya mapumziko, zile sifuri tatu nilizoziandika kwa raha zangu hazikuwepo duniani.

Najua mtu atasema ile fomula ni ya mazoezi sio ya kubeba dagaa, sawa, na mimi siziungi kwenye namba moja ya kumuonesha mtu, nimeweka safu mbili, ya dojo na ya nje. Ila paja halina safu mbili.

Kumkataza asibebe siwezi, ile ndo ada ya wadogo zake. Nilichoweza ni kuwauliza wote 14, mmoja mmoja, faragha, unafanya nini kabla ya kuja hapa. Tisa wana kazi. Kubeba, boda, tofali, mmoja anasaga mahindi mashineni. Miaka yote hii tunawaita wavivu.

Jumatano, 12 Februari

Mbalamwezi. Hili mtu asiyekaa ziwani hawezi kulijua, ngoja nilieleze: dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku kwa taa, taa inawavuta, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, dagaa wametawanyika, mitumbwi mingi inalala. Kwa hiyo safu ya nje ya vijana wa Kibirizi inapanda na kushuka na mwezi. Nimechora grafu kwenye kaunta buku kwa peni nyekundu, tarehe 13 Januari chini, mwisho wa Januari giza juu kabisa, leo chini tena. Mgebuka kaumia siku mbili tu baada ya mwezi kupotea kabisa. Na nimekumbuka ziwa lilipofungwa mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, hela hakuna mtaani ila dojo ilikuwa inawaka, tukasema ni kwa sababu ya hamasa yetu makocha.

Mpango mpya: wiki nzito za dojo zikae kwenye mbalamwezi, wiki za giza tufanye kata, mbinu, kunyoosha, na kumite fupi kali mara moja. Na siku nyepesi iwe nyepesi kweli. Hapo napo tulikuwa na ugonjwa, nimeanza safu ya tatu, ya kocha, sensei mkuu anaandika kabla ya zoezi anachotaka kiwe, Jumatatu ya wiki jana kaandika 3, makopo yamesema wastani 6. Foster alikuta hivo hivo kwa wakimbiaji, siku ambazo kocha anataka nyepesi wanajikaza, siku za nzito wanapunguza, mwisho wa siku zote zinafanana. Sensei mkuu kakasirika kidogo, kasema maharage yanadanganya. Ijumaa kaandika 4, yakatoka 5. Tunasogea.

Ijumaa, 21 Februari

Rafiki yangu kaniazima mkanda wa kifuani wa mapigo ya moyo. Nitaandika kwa kifupi. Ipo njia ya Eric Banister ya miaka ya 1970 inayochanganya muda na mapigo, na ya Edwards ya 1993, unagawa mapigo madaraja matano unazidisha kwa 1 hadi 5, zote nzuri kwa mkimbiaji. Kwetu mkanda unashuka kiunoni, kwenye sparingi ni hatari, mtu akipigwa gyaku zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) juu ya kile kidude anaumia mbavu, na kumite ni mlipuko wa sekunde mbili afu mnazungukana, moyo unachelewa kupanda, ukifika juu tayari refa kasema yame, simameni. Watunisia walilinganisha lile swali la 0 hadi 10 na mapigo ya moyo kwa vijana wa taekwondo wakakuta yanaendana vizuri, basi mimi nabaki na maharage. Mkanda nimerudisha.

Mgebuka karudi, mateke ya chini tu.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia. Sisi ni watu wa Ujiji, wengi wetu tumefunga, wachache ni Wakristo, na hatutengi dojo mara mbili.

Leo tumefanya lile zoezi la dakika 60 ambalo nimelipima mara nyingi, huwa linatoa 5, yaani 300. Saa kumi na nusu jioni, kavu, hakuna maji. Waliofunga wametoa 7, yaani 420. Zoezi ni lile lile, dakika zile zile, na hapa ndo napoipenda hii njia, saa ya ukutani ingesema hakuna kilichobadilika.

Kuanzia kesho tunahamia baada ya tarawehe, dakika 45.

Jumamosi, 15 Machi

Mbalamwezi ya jana imekuja katikati ya mfungo, kama kawaida yake, kwa hiyo ule mpango wangu wa wiki nzito ya mwezi mpevu umekufa. Dakika 45 kwa 5, mara nne, 900 kwa wiki, na ndo hivo. Usingizi umekatwa na daku, mapigo ya asubuhi ya karibu wote yamepanda mawili matatu, siongezi kitu.

Leo nimepewa somo. Yupo dada mmoja, mkanda wa kahawia, tunamwita Dada Mkanda, ndo bora kuliko wote hapa na anajua. Kaja na kopo lake mkononi. "Sensei, safu ya nje umewaandikia wanaume tu." Nikamwambia nilikuuliza kazi ukasema huna. "Uliuliza kazi. Hukuuliza nyumbani."

Nikachukua peni. Maji ndoo kwa ndoo dakika 40, mwili 5, pointi 200. Kutwanga sombe (kisamvu) ya futari dakika 30, mwili 4, pointi 120. Jumla 320 na bado hajafua wala hajasimama jikoni. Zoezi letu la usiku kwake lilikuwa dakika 45 kwa 6, 270. Sombe na maji vimeishinda dojo, na mchi unatumia bega lile lile la gyaku zuki ambalo tangu Februari analalamika linamuuma nikawa namwambia anyooshe.

Wasichana wote wanne nimewauliza upya. Sitaki hata kuandika wastani wao hapa.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita, watu wameshiba, sensei mkuu ana haraka. Siku kumi zimebaki, anataka wiki ya 1,900 tuwaamshe. Wiki tatu za mwisho za mfungo klabu ilikuwa 900, 950 na 880. Kuna uwiano wa mtafiti Tim Gabbett uliosambaa sana tangu 2016, mzigo wa wiki hii gawanya kwa wastani wa wiki nne, ukiwa kati ya 0.8 na 1.3 unaambiwa uko pazuri. Ukiweka 1,900 unapata 1.64. Watafiti kama Franco Impellizzeri wameushambulia huo uwiano, moja ya hoja ni kwamba wiki hii yenyewe iko ndani ya zile nne kwa hiyo unaigawanya kwa kitu chenye yenyewe, na kwamba hautabiri majeraha kama watu wanavyoutangaza. Nakubaliana nao, siutumii kama kengele. Ila ukiutoa huo mchanganyiko, 1,900 kwa wastani wa zile tatu, ni zaidi ya mara mbili, hapo hata bila fomula bibi yangu angekataa.

Tumebishana saa nzima kwenye kahawa. Tumekubaliana 1,150. Kasema wakipigwa Tabora nitaeleza mimi.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumerudi jana usiku. Tulienda tisa, nauli haikutosha wote. Jumamosi asubuhi tumepima mapigo chini ya miembe ya Tabora kabla ya chai, wenyeji wakatushangaa, Mgebuka 55, Dada Mkanda 58, wote tisa ndani ya kawaida zao.

Dada Mkanda kashinda mapambano mawili, la pili kwa teke la kichwa, ippon, pointi tatu, ukumbi ukanyamaza. Mgebuka kashinda la kwanza, la pili kafungwa 4 kwa 3 sekunde za mwisho, ila kamaliza dakika tatu akiwa anaruka ruka. Wawili wamepigwa mapema na walistahili kupigwa, hawana ulinzi. Hakuna aliyetoka na mguu mzito.

Sensei mkuu kwenye treni kaanza kuwaambia watu kuhusu "mfumo wetu wa kisayansi". Mfumo wetu! Nikakaa kimya, kwa sababu nilikuwa naangalia dirishani mwezi umejaa kama sahani, na nikahesabu. Pambano lilikuwa tarehe 12, mwezi mpevu tarehe 13. Kibirizi mitumbwi ilishaanza kulala siku tatu nne kabla hatujapanda treni. Mgebuka angefika Tabora miguu myepesi hata kama nisingeandika mstari mmoja wa hili daftari.

Sijamwambia sensei mkuu. Nimemwambia tu kwamba giza linalofuata ni tarehe 27, na nataka klabu ya Mwandiga waje tupige nao kumite wiki hiyo hiyo, sio kabla sio baada. Kauliza kwa nini nikamwambia ukumbi uko wazi.

Kaunta buku imebaki kurasa 11. Kopo la Mgebuka leo, maharage manne.